Kujitoa na Kutolewa

Katika lugha ya Kiswahili silabi moja hutenga sifa na msiba. Mtu akijitoa kwa ajili ya wenziwe husifiwa. Mtu akitolewa kwa ajili ya wenziwe huhurumiwa, au pengine husahauliwa. Tendo laweza kuwa moja katika hali zote mbili kwa macho ya mtazamaji: mwili ule ule umelala chini, na watu wale wale waliosalia wamesimama. Tofauti yote imo katika ile "ji" ndogo ambayo msemaji huitamka bila kuisikia. Aghalabu hukumu ya nani alijitoa na nani alitolewa huandikwa na waliosalia, kwa kuwa aliyekufa hana kalamu. Na waliosalia wana sababu nyingi za kuipenda silabi hiyo.

Swali hili ni la zamani, na wenye hekima wamelijadili kwa mifano ya askari, mashahidi wa dini, na wazazi walioingia motoni kuwaopoa watoto wao. Hapa litatazamwa kwa mfano wa kiumbe kidogo mno, kisichozidi kichwa cha sindano hata kinapokuwa kimekusanyika chote. Wataalamu wa elimu ya viumbe wamezoea kusema juu yake kwamba baadhi ya chembe zake hujitoa mhanga ili nyingine ziishi. Wamesema hivyo katika vitabu vya shule na katika majarida ya wataalamu, na neno limekubaliwa kama sarafu isiyopimwa. Lakini kiumbe hiki ni miongoni mwa vichache ambavyo utaratibu wa kifo chake umechunguzwa hatua kwa hatua, hata ikajulikana ishara gani hutumwa, nani huituma, na nani huipokea. Juu ya vifo vya wanadamu ushahidi wa namna hiyo haupatikani kwa urahisi. Basi neno laweza kupimwa hapa kwanza, penye mwanga mwingi, kabla ya kulipima mahali penye giza.

Kenneth Raper, Mmarekani, alikipata kiumbe hicho mwaka 1933 katika majani yaliyokuwa yakioza chini ya miti katika milima ya North Carolina, na mwaka 1935 alikitangaza kwa jina la Dictyostelium discoideum. Watu hukiita kuvu ya ute, ijapokuwa si kuvu kwa ukoo. Jina lilitokana na umbo na utelezi wake. Jamaa zake wametapakaa katika udongo wa nchi nyingi. James Cavender alichapisha mwaka 1969 habari za wale wanaoishi katika udongo wa misitu ya Afrika ya Mashariki, kwa hiyo mtu apitaye msituni katika nchi hizi huenda akakanyaga mambo yanayoelezwa hapa bila kujua.

Maadam chakula kipo, kiumbe hiki si kimoja bali ni wengi. Kila chembe huishi peke yake, amiba mwenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita hivi, akitambaa katika unyevu wa udongo na kumeza bakteria. Akishiba hujigawa, wakawa wawili, na kila mmoja hushika njia yake. Hapana jamii wala wajibu. Shida huanza bakteria wanapokwisha. Baada ya saa chache za njaa chembe zile zilizokuwa hazijuani huanza kuelekea mahali pamoja, kwanza moja moja, kisha kwa mifululizo kama siafu, mpaka zikafanya kichuguu cha maelfu, pengine cha chembe laki moja. Kichuguu hujiinua, hulala ubavu, na kuwa kitu kimoja chenye mbele na nyuma, mfano wa konokono aliyevuliwa gamba. Konokono huyo hutambaa kuelekea kwenye nuru na joto, akiacha utando wa ute nyuma yake. Akifika penye nafasi husimama. Chembe za mbele huingia katika mrija mwembamba wa selulosi, hujijaza maji, huvimba, hujizungushia kuta ngumu, na hufa. Miili yao iliyopangana ndiyo bua. Chembe nyingine hupanda juu ya bua hilo zikawa mbegu, kila moja imefunikwa ganda, zikingoja mdudu apitaye au tone la maji lizichukue kwenda penye chakula. Bua zima lina urefu wa milimita moja au mbili tu, na kazi yote, tangu njaa kuanza hadi mbegu kukaa kileleni, huchukua takriban saa 24. Kwa kawaida kiasi cha chembe moja katika tano huwa bua; nne huwa mbegu.

Mtu aonaye jambo hilo kwa mara ya kwanza chini ya hadubini ni vigumu asiguswe. Si ajabu neno mhanga lilikuja haraka.

Swali la kwanza la wataalamu lilikuwa jinsi chembe zisizo na macho wala masikio zinavyoitana. Mwaka 1947 John Tyler Bonner alilijibu kwa jaribio jepesi na zuri. Alipitisha maji polepole juu ya chembe zilizokuwa zikikusanyika. Chembe zilizokuwa upande yaendako maji ziliendelea kulielekea kusanyiko. Zile za upande yatokako maji zilipotea njia. Basi wito ulikuwa kitu kilichoyeyuka, ambacho maji yaliweza kukichukua. Bonner alikiita akrasini, kwa jina la Acrasia, mchawi katika utenzi wa Edmund Spenser, mshairi wa Uingereza wa karne ya 16, mwanamke aliyewavuta wanaume kwake na kuwageuza wanyama. Jina hilo lina asili ya mbali zaidi. Akrasia ni neno la Kiyunani ambalo Aristotle alilitumia katika kitabu chake cha maadili kwa hali ya mtu ajuaye lililo jema, akataka kulitenda, kisha akashindwa kwa udhaifu wa nia. Hivyo kemikali ivutayo kiumbe kisicho na nia ilipewa jina la ugonjwa wa nia. Huenda Bonner alifanya mzaha wa msomi tu, lakini mzaha huo umegusa jambo lenyewe: hakuna awezaye kushindwa nia asiyokuwa nayo, na kwa hoja iyo hiyo hakuna awezaye kuishinda nafsi asiyokuwa nayo.

Mwaka 1967 Theo Konijn, Bonner na wenzao walitambua akrasini ya kiumbe hiki kuwa AMP ya duara, kemikali ambayo hata katika mwili wa mwanadamu huchukua ujumbe wa homoni ndani ya chembe. Chembe yenye njaa huitoa kwa pigo fupi. Jirani akiipokea hufanya mambo mawili: husogea kuelekea ilikotoka, na hutoa pigo lake mwenyewe, ili jirani wa nyuma yake naye apate habari. Pigo hurudiwa kila baada ya dakika kama sita, na baina ya mapigo kimeng'enya huivunja kemikali iliyobaki, la sivyo wito mmoja ungefunikwa na mwangwi wa mwingine. Mtazamaji huona mawimbi yakizunguka juu ya sahani kama maji ya kisima kilichotupiwa jiwe, ila hapana aliyetupa jiwe.

Hilo la mwisho liliwashinda wengi kulikubali. Walidhani lazima iwepo chembe mwanzilishi, chembe ya pekee inayoanza wito na kuwaamuru wengine, nao waliitafuta. Mwaka 1970 Evelyn Fox Keller na Lee Segel walionyesha kwa hesabu kwamba kusanyiko laweza kuanza bila mwanzilishi wa pekee: chembe zote zikiwa sawa, zikitoa kemikali ile ile na kuifuata, utulivu wao huvunjika wenyewe pakitokea tofauti ndogo tu ya bahati, na kituo kikajitengeneza. Keller alieleza baadaye, mwaka 1983, jinsi wataalamu walivyoendelea kuipendelea fikra ya mwanzilishi. Akili ya mwanadamu ikiona umati unakwenda pamoja humtafuta mfalme. Asipopatikana humtawaza mmoja aliyekuwa karibu.

Sasa kusanyiko limekamilika, na mmoja katika watano atakuwa bua. Ni nani huyo, na kwa nini yeye?

Jibu jepesi lingekuwa kwamba ziko chembe zilizozaliwa bua na chembe zilizozaliwa mbegu, kama mchwa walivyo na askari wao. Raper alilivunja jibu hilo mwaka 1940. Alizilisha chembe fulani bakteria wenye rangi nyekundu ili azitambue baadaye, akaunganisha vichwa vyekundu na viwiliwili visivyo na rangi, akaona kwamba chembe za mbele ndizo ziwazo bua na za nyuma ndizo ziwazo mbegu. Kufikia hapo jibu jepesi lilikuwa salama. Lakini Raper alikata. Kipande cha nyuma, kilichokuwa cha mbegu tupu, kilijikusanya kikatoa bua na mbegu kwa kadiri yake. Kipande cha mbele, kikisimama mara moja, kilitoa bua kubwa na mbegu chache. Kikiachwa kitambae kwanza, nacho kilirudi katika uwiano wa kawaida. Chembe iliyokuwa njiani kufa ikawa mbegu kwa sababu tu wembe ulipita nyuma yake. Hapana chembe iliyo bua kwa asili. Ubua ni mahali, na mahali pakibadilika hatima hubadilika.

Ni nini basi kinachoipeleka chembe mahali pale? Sehemu moja ya jibu ni njaa, na sehemu nyingine ni saa. Mwaka 1973 Leach, Ashworth na Garrod walichanganya chembe zilizokuzwa kwa sukari na chembe zilizokuzwa bila sukari. Zilizoshiba zilielekea kuwa mbegu, na zilizokuwa dhaifu zilielekea kwenye bua. Mwaka 1987 Gomer na Firtel walionyesha kwamba hatima hutegemea pia chembe ilikuwa wapi katika mzunguko wa kujigawa pale njaa ilipoikuta. Chembe iliyotoka kujigawa punde haina akiba, na iliyokaribia kujigawa tena imekwisha kukua. Kwa maneno mengine, waliokuwa na kidogo siku ya njaa ndio waliopelekwa mbele, na mbele huko ndiko kwa kufa. Habari hii huelezwa katika vitabu kwa utulivu mkubwa, na utulivu huo unafaa, maana ni habari ya amiba. Lakini aliyesoma tarehe za nchi yoyote hawezi kuisoma bila kusita kidogo.

Sehemu ya tatu ya jibu ni ishara, nayo yastahili kutazamwa kwa kirefu zaidi. Tangu miaka ya 1970 wachunguzi wa Uingereza, akiwamo Robert Kay, walikuwa wakiitafuta kemikali iwezayo kuifanya chembe iliyotengwa peke yake igeuke chembe ya bua. Ilipatikana kwa kiasi kidogo mno, na muundo wake ulitambulikana mwaka 1987: kitu kidogo chenye atomi mbili za klorini, kinachoitwa kwa herufi tatu DIF. Ikidondoshwa juu ya chembe zilizo tayari, hata kwa kipimo chembamba sana, chembe hizo huvimba maji, hujenga kuta zao, na kufa kifo cha bua.

Swali la maana ni nani aitengenezaye. Ikaonekana kwamba hutengenezwa hasa na zile chembe zitakazokuwa mbegu. Wale watakaoishi ndio watoao kemikali iwaambiayo wengine wawe bua. Na chembe zilizokwisha kuelekea kwenye bua zina kimeng'enya cha kuinyang'anya kemikali hiyo klorini yake na kuizima. Hivyo, kwa kuimeza na kuivunja, huizuia isienee na kuwakumba wengine zaidi. Waendao kufa ndio wanaolinda hesabu ya watakaokufa isizidi. Haki yapasa itendewe ukweli hata katika habari ndogo: mwaka 2000 Christopher Thompson na Kay walionyesha kwamba chembe zisizoweza kutengeneza DIF bado hufanya bua, ingawa lenye kasoro. Baadhi tu ya chembe za bua huitegemea kemikali hiyo, na ziko ishara nyingine. Basi si kweli kwamba dawa moja hutawala yote. Hata hivyo upande utokako ujumbe na upande uendako umejulikana, na hilo latosha kuuliza kama neno kujitoa lina mahali pa kusimama.

Mtetezi wa neno hilo ana hoja moja yenye nguvu. Atasema kwamba chembe hizi ni ndugu, na mara nyingi ni zaidi ya ndugu, kwani zilizotoka katika chembe moja kwa kujigawa zina jeni zile zile. Tangu William Hamilton alipoandika juu ya jambo hilo mwaka 1964 imefahamika kwamba jeni ya kumsaidia jamaa yaweza kuenea hata kama msaidizi mwenyewe hufa, kwa kuwa nakala yake imo katika jamaa aliyeokoka. Chembe ya bua haipotei. Inaishi katika mbegu. Hoja hii hueleza vizuri kwa nini tabia hiyo imedumu, wala haifai kubezwa. Ila imejibu swali lisiloulizwa. Kueleza kwa nini jambo limeenea ni kazi moja, na kusema ni nani aliyelitenda ni kazi nyingine. Baba amwozaye binti yake asiyetaka, ili ukoo upate amani, aweza kuthibitisha kwamba ukoo ulipata amani na kwamba binti naye ni wa ukoo. Bado hakuthibitisha kwamba binti alijitoa. Fauka ya hayo, katika udongo wa porini koo mbalimbali hukutana, na kusanyiko moja laweza kuwa na chembe zisizo za damu moja.

Hapo ndipo walipozaliwa "wadanganyifu." Mwaka 2000 Joan Strassmann, Zhu na David Queller walieleza kwamba, koo mbili zikichanganywa, pengine ukoo mmoja huchukua nafasi za mbegu kupita fungu lake na kuuachia mwingine bua. Mwaka huo huo Ennis na wenzake walieleza habari za chembe zenye jeni moja iliyoharibika, ambazo zikichanganywa na chembe za kawaida hukwepa bua na kukimbilia kwenye mbegu, lakini zikiachwa peke yao hushindwa kufanya mbegu za kutosha. Jina la udanganyifu lina mashaka yale yale ya jina la mhanga. Huwezi kumwita mtu mdanganyifu kwa kukwepa deni ambalo hakulikubali, na chembe hazikuandikiana mkataba. Majina haya mawili ni pacha: likikubaliwa moja, la pili huingia mlangoni nyuma yake. Wakisifiwa waliokufa kuwa walijitoa, waliokataa kufa watakuwa wameiba.

Habari ya mwaka 2004 ni ya kufikirisha kuliko zote. Kevin Foster, Thompson na wenzao walichunguza chembe zilizokosa jeni iitwayo dimA, ambayo bila hiyo chembe huwa kama kiziwi kwa DIF. Ilitazamiwa kwamba chembe kiziwi, ikichanganywa na zisikiazo, ingefaidi sana: wito wa kuwa bua unapita, yenyewe haisikii, inabaki nyuma pamoja na watakaoishi. Mwanzo ilikuwa hivyo. Ziliacha kwenda penye bua. Lakini mwishoni hazikuonekana katika mbegu kwa kadiri ya idadi yao. Zilitengwa huko nako. Jeni ile ile iliyozifanya zisikie wito wa kufa ilihitajika pia ili zipate kiti miongoni mwa walio hai. Wachunguzi walifurahi, na kwa haki, kwa kuwa walikuwa wamepata njia moja ambayo maumbile hulinda ushirika usivunjwe na wakwepaji. Kwa mtazamo wa maadili, hata hivyo, habari hiyo inafunga mlango wa mwisho. Kama asiyesikia wito hukosa bua na hukosa mbegu, basi kusikia hakukuwa hiari. Mtu hawezi kusemwa amekubali jambo ambalo asiyelikubali hana mahali pa kwenda.

Yafaa isemwe wazi, ili chembe zisibebeshwe mizigo isiyo yao, kwamba hapana uovu wowote ndani ya bua hilo. Chembe za mbegu si wadhalimu. Hazikukusudia kitu, hazikujua kitu, na DIF si amri bali ni kemikali. Asiyekuwa na nia hawezi kujitoa, na kwa sababu iyo hiyo hawezi kuonewa. Anayechukua mfano wa kuvu ya ute ili kuwaambia raia kwamba maumbile yanawataka wafe kwa ajili ya wengine amefanya kosa. Na anayeuchukua ili kusema kwamba kila ushirika ni unyonyaji amefanya kosa lile lile kutoka upande wa pili. Faida ya mfano ni ndogo kuliko hizo, lakini ni ya hakika. Unaonyesha kwamba tendo lote la kujitoa mhanga, wito, mwendo, kifo, bua, na walio juu ya bua, laweza kukamilika bila upungufu wowote pasipo kuwapo mtu hata mmoja aliyejitoa. Kumbe matokeo si ushahidi. Uzuri wa bua hauthibitishi hiari ya walio ndani yake.

Wasemaji wa Kiswahili wanao mfano wa jambo hili miongoni mwa watu, na jina lake hutajwa kila siku sokoni. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeshi yaliyopigana katika Afrika ya Mashariki yalitegemea wapagazi. Barabara zilikuwa chache, mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza lilitamkwa na watu Kariakoo, nalo limebaki kuwa jina la mtaa wa Dar es Salaam. Wako walioingia kazini kwa hiari, kwa kutaka ujira. Wengi zaidi walichukuliwa kwa nguvu ya sheria, hasa katika mwaka 1917. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi ya kuhara na homa yaliwaua wengi kuliko risasi.

Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari, ambayo ingali imesimama katikati ya mji. Maandishi yake huwakumbuka askari wa Kiafrika, na huwakumbuka wapagazi kwa kuwaita miguu na mikono ya jeshi, na wote waliokufa kwa ajili ya mfalme na nchi. Kisha huahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya jiwe hilo hapana jina la mpagazi hata mmoja.

Miguu na mikono: maneno hayo ni ya kweli kuliko aliyeyaandika alivyodhani. Mguu haujitoi, huenda unakopelekwa. Kosa la maandishi si kuwaheshimu wapagazi, kwani walistahili heshima zaidi ya hiyo. Kosa ni kuwaweka pamoja, katika sentensi moja, aliyekwenda kwa nia yake na aliyefungwa kamba akapelekwa, na kuwapa wote silabi moja. Aliyekwenda kwa nia yake amepunguziwa, kwa kuwa sifa yake imegawiwa wasioitaka. Aliyepelekwa amenyang'anywa mara mbili: kwanza maisha, kisha malalamiko. Maana mtu aliyetolewa ana dai juu ya waliomtoa, na dai hilo hurithiwa na watoto wake. Aliyejitoa hana dai. Amekwisha kusamehe kila kitu kwa tendo lake. Ndiyo sababu wenye kudaiwa huharakisha kulitaja neno kujitoa makaburini, na ndiyo sababu neno hilo halipaswi kupokewa kabla ya kuuliza wito ulitoka kwa nani, na nini kilimpata yule jirani aliyekuwa kiziwi.

Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kuwa chombo tu cha kufikia shabaha ya mwingine. Wapo wanaodhani fundisho hilo linazuia kila kifo kwa ajili ya wengine. Halizuii. Linataka tu aliye chombo awe pia ni mwenye shabaha, yaani aseme "ndiyo" ambayo ingeweza kuwa "hapana." Mzazi aingiaye motoni anayo "hapana" hiyo mpaka kizingitini, na kila mtu hulijua jambo hilo, ndiyo maana humstaajabia. Mpagazi wa mwaka 1917 alikuwa nayo kwa kadiri ya umbali wa kijiji chake kutoka njia ya jeshi.

Jambo moja limebaki katika habari za kuvu ya ute, nalo husimuliwa mara chache kwa sababu halina utukufu. Konokono yule akivunjwa wakati angali anatambaa, na chembe zake zikitawanywa juu ya sahani yenye bakteria, hata zile za mbele, zilizokwisha kuchaguliwa kuwa bua, huacha kazi hiyo. Husahau zilikokuwa zikielekea, huanza kula, na baada ya saa kadhaa hujigawa kama amiba wengine wasioitwa na mtu. Mlango huo hubaki wazi kwa muda mrefu wa safari. Hufungwa chembe inapokwisha kuingia katika mrija, ikajaa maji na kujenga ukuta wa selulosi kuizunguka; kuanzia hapo mtu akiivunja bua na kuimwagia bakteria wote wa maabara, haitakula.